Masisi, ambako gari hushushwa na viazi

Simama Sake, katika jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, pale barabara itokayo Goma inapogawanyika: mkono mmoja unafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu, mwingine unapanda milima kuelekea Mushaki, Masisi na hatimaye Walikale. Kabla ya kutazama, sikiliza. Pikapu ya Land Cruiser inateremka ikiwa imejaa magunia ya viazi, juu ya magunia wamekaa watu, na mapajani mwa watu kuna kuku. Inapokata kona, kutoka gurudumu la nyuma inasikika sauti kama ya mtu anayeburuta kandambili zilizolowa: shwaa, shwaa, shwaa. Nyuma ya sauti inafuata harufu ya mpira ulioungua. Tairi linaila fenda, au fenda inalila tairi. Vyovyote iwavyo, gharama inamwangukia mwenye gari.

Mafundi wa kila nchi wana mteja wa namna hii. Amenunua magurudumu makubwa, gari lake liko chini, na sasa kila akikata kona au kuingia shimoni kuna kitu kinasuguana. Katika miji mingi mteja huyo ni kijana aliyelishusha gari lake kwa makusudi, ili lipendeze. Masisi na Walikale kijana huyo utamtafuta mpaka jioni. Huku gari hushushwa na viazi, na makaa, na maharage, na jibini za mviringo za Masisi, na madumu ya mawese kutoka Walikale, na magunia ya mawe yenye madini. Tairi halijui tofauti. Gari likiwa chini liko chini, na kanuni za kulivalisha gurudumu kubwa ni zilezile.

Mchanga kwenye buti

Hata urembo wenyewe ulianza na mzigo. Miaka ya 1940, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko, huko Los Angeles na miji ya jirani, walitaka magari yao yatambae karibu na ardhi. Njia rahisi ilikuwa kutia mifuko ya mchanga kwenye buti. Baadaye wakaanza kukata springi. Wakubwa hawakufurahi: sheria ya jimbo la California ya mwaka 1958 ilikataza gari lenye sehemu yoyote ya bodi iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata mpenzi mmoja wa magari hayo, Ron Aguirre, akaizunguka sheria hiyo kwa kufunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake. Gari likawa linalala kwenye maonyesho na kuinuka barabarani, kwa kubonyeza swichi tu. Marufuku ile ilikuja kufutwa kuanzia Januari 1, 2024.

Kijana wa Los Angeles alitafuta mchanga ili gari lishuke. Mchuuzi wa Masisi angetoa sadaka ili lisishuke. Lakini wote wawili wana gunia nyuma ya ekseli, na wote wawili wanaisikia shwaa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tairi la nyuma halijawahi kukubaliana nao.

Njia inayoamua saizi ya tairi

Anayeuliza kwa nini mtu wa huku anataka tairi kubwa ilhali gari lake tayari linalala, apewe kiti cha mbele na safari ya siku moja.

Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita zipatazo 25. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ukingoni mwake njia inapita kwenye mawe ya volkano, yakiwemo yale ambayo mlima Nyamulagira uliyatema kati ya 1938 na 1940 hadi yakafika ziwani karibu na Sake. Jiwe hilo ni jeusi, lina matundu na makali, na likikutana na ubavu mwembamba wa tairi hukata kama wembe. Baada ya Sake unaanza mlima. Mushaki na vilima vinavyoizunguka viko juu sana, malisho ni ya kijani, ng'ombe wametawanyika, na udongo ni wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, udongo huo unakuwa sabuni. Ukiipita Masisi-kati na Nyabiondo, nchi inaanza kuporomoka kuelekea msitu, na huko Walikale matope hayangoji masika, kwa kuwa ni mwenyeji wa kudumu.

Wilaya hizi mbili, ambazo Wakongomani huziita teritwari, hazifanani kwa ukubwa. Masisi ina kilomita za mraba 4,734. Walikale ina 23,475, karibu asilimia 40 ya jimbo zima la Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa ni msitu. Ili uelewe thamani ya lami huko, kumbuka Kilambo, hukohuko Walikale: miaka ya biashara ndogondogo ya kasiteriti, yaani mawe ya bati, ndege zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara ya lami na kupakia magunia ya madini. Kipande kizuri cha njia kiligeuzwa uwanja wa ndege, kwa sababu sehemu iliyobaki ya njia haikuweza kufanya kazi ya barabara.

Juu ya matope kuna vita. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Masisi-kati, kisha Sake na Goma. Machi wakafika Walikale-kati, na mwanzoni mwa Aprili wakaondoka. Katika nchi kama hiyo tairi likipasuka kwenye kona tupu, hasara haihesabiwi kwa bei ya tairi peke yake. Anayelala njiani hachagui jirani wa kulala naye.

Kwa hiyo dereva anatamani mambo mawili yanayogombana. Anataka tairi kubwa, ili tumbo la gari liwe juu ya mawe na gurudumu lipite shimoni bila kuzama. Na anataka mzigo mkubwa, kwa sababu mafuta ni ghali na safari ni ndefu. La kwanza linaijaza fenda kutoka chini. La pili linaishusha fenda kutoka juu. Yanakutana katikati.

Hesabu ya milimita

Kosa la kawaida huanzia kwenye dhana moja inayoonekana kuwa ya busara: tairi kubwa linainua gari, basi nafasi ya fenda nayo itaongezeka. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Tairi kubwa linaiinua ekseli kutoka ardhini, na gari zima linapanda nayo. Ila haliiinui bodi kutoka kwenye ekseli, kwa maana hiyo ni kazi ya springi. Kati ya ekseli na fenda umbali unabaki uleule, na ndani yake sasa kuna mpira mnene zaidi. Unapata nafasi chini ya tumbo, unaipoteza juu ya tairi.

Tuchukue mfano wa saluni ya Toyota yenye tairi 195/60R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili inasema ubavu ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 117. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi 15 ni milimita 381. Jumlisha rimu na mbavu mbili: kimo cha tairi ni milimita 615.

Sasa mwenye gari anaweka 205/65R15 ili apande Mushaki kwa raha. Ubavu mpya ni milimita 133, na kimo kinakuwa karibu 648. Tofauti ni milimita 32 na kidogo. Nusu yake inakwenda chini na kuliinua gari, nusu inakwenda juu na kuifuata fenda: milimita 16 kila upande.

Tuseme gari likiwa tupu, kati ya tairi la zamani na fenda kulikuwa na milimita 70. Magunia yakipakiwa yanakula 45. Zimebaki 25. Tairi jipya linachukua 16. Zimebaki 9, na gari bado halijatoka sokoni. Shimo la kwanza linazimaliza.

Hapo tunaona kwa nini mtu wa mjini na mtu wa mlimani hawatafuti jibu moja. Anayetaka rimu kubwa kwa sura tu anaweza kuweka 205/45R17. Rimu imekua kwa inchi mbili lakini ubavu umepungua hadi milimita 92, na kimo ni 616, milimita moja tu zaidi ya lile la kwanza. Kwa juu halitagusa popote ambapo la zamani halikugusa. Magari mengine kutoka Japani yanafika Goma yakiwa yamevalishwa hivyo, yakiwa pia yameshushwa springi huko yalikotoka, na kwenye lami yanang'aa. Yapeleke kwenye mawe ya Nyamulagira uone. Ubavu wa milimita 92 hauna nyama ya kutosha kunyonya pigo. Pigo linakwenda moja kwa moja kwenye rimu, ambayo mafundi wa Goma, kwa urithi wa Kifaransa, huiita janti. Janti inapinda, tairi linavuja, safari imekwisha.

Kimo kikubwa kina deni jingine lisiloonekana. Mzunguko mmoja wa tairi la kwanza hupita mita 1.93 za barabara, wa lile la 205/65R15 mita 2.03. Spidomita ikisoma 60, unakwenda 63. Na injini inalisukuma gurudumu refu zaidi kwa gia zilezile, kwa hiyo mlima ambao gari lilikuwa likiupanda kwa gia ya pili sasa utadai ya kwanza.

Ndani na nje

Juu si upande pekee wa kugusana. Tairi linaweza kusugua mdomo wa fenda kwa nje, shokapu kwa ndani, au plastiki na kona ya bampa pale usukani unapokatwa hadi mwisho. Mwenye kuamua upande upi utaumia ni rimu, kupitia namba ndogo iliyochongwa baada ya herufi ET. Namba hiyo ni umbali, kwa milimita, kati ya sehemu rimu inapobanwa na nati na mstari wa katikati ya upana wake. ET ikiwa kubwa, gurudumu linavutwa ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, linasukumwa nje kuelekea fenda.

Mfano tena. Rimu ya zamani ni upana wa inchi 6, ET 45. Fundi anakupa ya inchi 7, ET 35. Inchi moja ya nyongeza inagawanyika pande mbili, milimita 12.7 kila upande. Kupungua kwa ET kunaongeza 10 upande wa nje na kuondoa 10 ndani. Matokeo: kwa nje gurudumu limetoka milimita 22.7, kwa ndani limeingia 2.7 tu. Shokapu iko salama. Fenda haiko salama, hasa nyuma, hasa chini ya viazi. Anayenunua rimu za mtumba kwa kuangalia matundu ya nati tu na kuacha kusoma ET ananunua nusu ya rimu.

Ukitazama Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa 1984 na bado ndizo punda wa njia hizi, utakuta Toyota ilikwishalifikiria jambo hili. Tairi lao la kazi, 7.50R16, lina kimo cha sentimita 80 hivi lakini ni jembamba. Kwenye matope ya mfinyanzi wembamba huo ni faida: tairi linapasua uji wa juu na kutafuta ardhi ngumu chini, na linaacha nafasi pande zote mbili. Mwenye gari akilitoa na kuweka pana kwa sababu linaonekana lina nguvu, anapata sura ya ubabe na shwaa.

Udongo ukawa rula

Namna ya kupima ndiyo inayomtofautisha fundi na mfungaji wa nati. Gari tupu lililosimama kwenye sakafu bapa husema uongo. Ukipitisha vidole juu ya tairi na kuridhika, umepima siku ambayo gari hilo halitaiishi. Pakia kwanza mzigo wa kawaida, au watu wenye uzito wake. Kisha weka gurudumu la mbele kushoto juu ya gogo au jiwe bapa, na la nyuma kulia vilevile, ili gari lijipinde kimshazari kama linavyojipinda kwenye makorongo. Kata usukani hadi mwisho kulia, halafu kushoto. Hapo ndipo uingize mkono.

Kwa asiye na vipimo, dawa iko chini ya miguu. Chukua udongo laini wa mfinyanzi, ubandike mabonge ndani ya fenda, karibu na shokapu na kwenye kona ya bampa. Endesha polepole ukiwa na mzigo, pita kwenye mashimo, kata kona, rudi. Bonge lililobaki zima liko mahali pa salama. Lililobanwa, unene wake uliobaki ndio nafasi yako ya kweli, kwa milimita. Lililofutika limekuonyesha pa kufanyia kazi. Chaki ikipakwa begani mwa tairi hufanya kazi ileile kwa njia ya pili: panapofutika ndipo panapogusa.

Udongo huohuo unakumbusha jambo ambalo vitabu vya magari ya mjini havilitaji. Baada ya kilomita chache za matope fenda hujaa tope kwa ndani, nalo hukauka na kuganda. Nafasi uliyopima asubuhi siyo unayorudi nayo jioni. Na madereva wanaofunga minyororo kwenye matairi ili yang'ate matope wanahitaji unene wa mnyororo pia. Anayekwenda Walikale aache nafasi ya tairi, nafasi ya tope na nafasi ya chuma.

Tiba kwa mpangilio wake

Tiba ya kwanza haiuzwi dukani: gunia moja lishuke. Tairi lina namba ya uzito ubavuni. Namba 88, kwa mfano, maana yake ni kilo 560 kwa tairi moja likiwa na upepo unaotakiwa. Kulipatia tairi kubwa mzigo lisiouweza ni kubadilisha ugonjwa.

Ya pili ni kuchagua upya saizi na ET. Mara nyingi hatua moja kurudi nyuma, 195/65R15 badala ya 205/65R15, huacha milimita sita zaidi juu na kuondoa upana wa ziada, na dereva bado amepanda karibu sentimita moja kutoka ardhini.

Ya tatu ni springi. Magari ya mizigo huongezewa jani kwenye springi za majani. Saluni huwekewa spesa juu ya springi za mviringo, kama ifanyikavyo sana Nairobi na Dar es Salaam. Hapa kuna mtego. Springi ngumu au spesa hulisimamisha gari juu zaidi, lakini gurudumu likipigwa vya kutosha bado hupanda hadi raba ya kikomo, ile inayozuia chuma kugonga chuma. Pale kwenye raba ndipo tairi linapofika mwisho wake, springi iwe mpya au kuukuu. Springi imepunguza mara za kufika, haijasogeza mwisho. Kama udongo umeonyesha tairi linagusa likiwa mwisho kabisa, raba ndefu zaidi ndiyo jibu. Na aliyeinua gari kupita kiasi atakutana na sivijointi zinazofanya kazi zikiwa zimepinda, zikilia na kufa kabla ya siku zao.

Ya nne ni fenda yenyewe. Mdomo wake wa ndani unaweza kukunjwa juu, ukipashwa moto kwanza ili rangi isipasuke. Plastiki ya ndani inaweza kukatwa pale inapogusa au kuvutwa nyuma na kufungwa upya. Kama tairi linagusa usukani ukikatwa hadi mwisho, boliti za kuzuia ukataji huongezwa urefu kidogo. Kona itahitaji uwanja mpana zaidi, lakini tairi litapona.

Halafu kuna yasiyofaa kuitwa tiba. Kupiga fenda nyundo ikiwa baridi hadi bati lichanike na kuacha meno yanayolingoja tairi. Kukata springi kwa moto. Kuchomeka spesa za bei rahisi kati ya habu na rimu huku nati zikishika nyuzi tatu nne tu. Kwenye mteremko wa Masisi, ambako upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande wa pili ni hewa, nyuzi tatu ni chache.

Wanaoshuka bila springi

Kwenye mteremko huohuo, kati ya pikapu na pikipiki, anapita mwenye chukudu. Chombo chake ni cha mbao tupu: magurudumu mawili yaliyochongwa na kuvishwa vipande vya tairi kuukuu, usukani kama pembe za ng'ombe, na ubao mrefu wa kubebea. Goma wamekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Hubeba mamia ya kilo za makaa, kabichi au viazi vilevile vilivyoishusha pikapu.

Mchongaji wa chukudu huacha nafasi kati ya gurudumu na mbao kabla hajapiga msumari wa kwanza, kwa maana hawezi kurudi baadaye kukunja fenda. Anajua mzigo utakuwa mzito na njia itakuwa na tope, basi anakipima chombo kwa siku yake mbaya. Juu ya gurudumu la nyuma baadhi huweka kipande cha raba ya tairi. Mteremko ukikolea, mpandaji anakikanyaga, raba inasugua gurudumu, mwendo unapungua, na anaingia Sake salama.

Sauti ni ileile: shwaa. Ila huyu ameiita mwenyewe, na itanyamaza akiinua mguu.